Uchafu Usiotoka

Basi la Agra lilikuwa halijauacha vizuri mji wa Firozabad, na tayari Devkinandan alikuwa ameshakipenda kitu cha watu. Mapajani mwa jirani yake, Bi Kusumlata, kulikuwa na chombo cha maua cha kioo, umbo la samaki, na jua la dirishani lilipokigusa kiliwaka zambarau, kijani na dhahabu.

"Mama, hiki ni cha matanuru ya hapahapa kwetu, enzi za babu zetu! Watu wanavuka bahari kuvitafuta! Nikishike kidogo tu."

"Kishike kwa macho."

"Lakini mbona upande huu ni kioo kitupu?"

"Huo nimeusugua. Diwali, sikukuu ya taa, si hii imefika, na kila kitu nyumbani lazima king'ae? Majivu na ukwaju, kama sufuria za shaba. Uliobaki uchafu wake mkaidi, mkono ukanichoka."

Devkinandan alishika kichwa. "Uchafu? Mama, rangi hizo ndizo mali yenyewe! Zilipulizwa kioo kikiwa bado cha moto!"

"Mwanangu, mimi nimeolewa mji wa kioo. Kioo safi huonyesha ng'ambo." Kiti cha nyuma chote kikamuunga mkono. Wiki ya Diwali, nani atautetea uchafu?

"Na samaki huyu hana mwenzake?"

"Anaye. Nimemwachia mkamwana amsugue."

"Mpigie simu! Sasa hivi, mama, nakusihi!"

Akapiga. Sauti changa ikajaa basi zima: "Usihofu, mama! Nimesugua mpaka ukatoka wote!"

Abiria wakapiga makofi. Bi Kusumlata akamgeukia Devkinandan, uso umemng'aa. "Umesikia? Ni bidii tu."

Basi likasimama Tundla, kituo cha kwanza tu njiani kwenda Agra.