Leonida, Aliyekwenda Ibada ya Saa Nane

Ndugu waombolezaji, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Mimi ni Oswald, mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasomee historia yake, kuna mahali itanishinda, mtanivumilia.

Leonida alizaliwa tarehe 3 Mei 1947 huko Kalinzi, mtoto wa kwanza wa mzee Feliksi na mama Agnesi, akasoma shule ya msingi hukohuko, akapata mafunzo ya ualimu, na kuanzia Januari 1968 alifundisha darasa la kwanza hapa Ujiji hadi alipougua. Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na shemeji yetu Benedict, mwenyeji wa Bukoba, karani wa reli aliyehamishiwa Kigoma, wakajaliwa watoto watatu, Evaline, Jonathan na Dainess.

Oktoba mwaka jana ndugu zetu wa Burundi walikimbia mauaji kwao wakaingia huku kwa maelfu, na halmashauri ya kigango chetu cha Buzebazeba ilikutana Jumapili ya tarehe 14 Novemba, na mimi ndiye niliyetoa hoja kwamba wakimbizi wasali peke yao saa nane mchana, kwa sababu nilihofia kipindupindu, na pia, leo niseme ukweli, kwa sababu sikutaka kukaa benchi moja na watu niliozoea kuwabagua kwa pua na kimo chao. Dada alisimama akaniuliza, "Oswald, Ekaristi nayo tutaigawa kwa kabila?" Nikamjibu, "Dada, nina watoto wadogo nyumbani, naogopa." Akasema, "Hofu yako naielewa, ila sikubaliani nawe, mdogo wangu, mimi nitasali nao."

Hoja yangu ilipita. Akawa anasali saa nane kila Jumapili, akitoka huko anapita kwangu, tunakula, tunabishana upya, na hakuninunia hata siku moja.

Februari miguu yake ilianza kuvimba, na tarehe 7 Machi akalazwa hospitali ya mkoa. Wapo mtaani wanaosema ameuawa na ugonjwa wa wakimbizi, daktari ametuambia ni moyo, aliokuwa akiumwa kwa miaka mingi, naomba maneno hayo yaishe leo. Aliyemwogesha na kumlisha, kwa zamu na Evaline, ni Yunisi, mama wa Kirundi ambaye wanawe wawili walifia njiani.

Alhamisi nilikwenda kumwambia kwamba naiondoa hoja yangu, nikamkuta amepoteza fahamu. Yunisi akaniambia, "Sema, mzee, labda asikia." Nikamshika dada mkono, nikasema yote, na kesho yake, Ijumaa tarehe 18 Machi 1994, saa nne asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani zetu Waislamu wa Kasingirima walioleta maturubai na kuchimba kaburi. Nanyi wageni wetu wa Burundi mliosimama kule nje ya uzio, nawasihi, ingieni, njooni mkae huku mbele na familia, ninyi ni wafiwa.

Dada yangu, pumzika kwa amani, sisi bado tunakulilia.