Mama Vumbi, Mhandisi wa Kompyuta za Viwandani

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini mkiwa bado na sare, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Vumbi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, wa kwanza kati ya watoto watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu, akaendelea na sekondari ya bweni, na mwaka 1982 akahitimu shahada ya uhandisi wa elektroniki, akiwa msichana pekee darasani, jambo ambalo watu walipenda kumuuliza na yeye akawajibu, "Mtihani haukuniuliza."

Januari 1983 aliajiriwa na kampuni iliyotengeneza kompyuta za kuendeshea mitambo, zile zinazofungwa ukutani kiwandani na kusahauliwa, na kazi yake ilikuwa kuchagua vifaa vya ndani, chipu ipi, kumbukumbu ipi, kasha la namna gani. Jina lake la utani lilitoka kwenye kiwanda cha saruji, ambako kompyuta zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine kwa sababu feni zilivuta vumbi ndani, naye akaing'oa feni, akachagua chipu ya polepole isiyopata joto sana, akaifungia ndani ya kasha la alumini linalotoa joto lenyewe, na tangu hapo hakuna aliyempelekea mchoro bila kuulizwa, "Na vumbi je?"

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, mhandisi wa umeme, ambaye alijuana naye wakibishana kama mtambo uwe na chanzo kimoja cha umeme au viwili, shemeji akishikilia kimoja, na matokeo mnayajua: mtambo ulipata viwili, naye akapata mke. Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na kijana wa kiume, ambaye ni seremala, na dada hakumlazimisha hata mmoja wao kushika nyaya.

Hakuwa malaika. Mwaka 2001 alichagua kadi za kumbukumbu za kawaida kwa ajili ya kiwanda cha mikate, kompyuta ikawa inaandika joto la tanuri kila sekunde, kadi, ambazo huchoka kwa kuandikwa mno, zikachakaa kabla ya wakati, tanuri zikazima na mji mzima ukaamka bila mkate. Kampuni ilitaka kumsukumia lawama fundi wa zamu, lakini dada alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya wafanyakazi, akasema, "Fundi wenu hana kosa, aliyechagua vibaya ni mimi," na hakuondoka mpaka tanuri zilipowaka tena.

Mwaka 2009 kampuni ilipewa kazi ya kituo cha kusukuma maji ya mji, hospitali kuu ikiwemo, na mkurugenzi wa kampuni alitaka chipu mpya kabisa, ya kasi, iliyokuwa gumzo wakati huo, dada akakataa, akasema chipu ile itaacha kutengenezwa wakati pampu bado changa, na haijawahi kupimwa kwenye joto kali. "Tutaonekana washamba," mkurugenzi alimwambia, naye akajibu, "Tuonekane washamba, maji yatoke." Alikuwa tayari kuacha kazi, na barua alikuwa nayo mkobani, lakini mkurugenzi akakubali. Katika kiangazi cha mwaka 2014 viyoyozi vya kituo viliharibika, mafundi wakafanya kazi vifua wazi, na mkurugenzi mwenyewe alifika, akagusa kasha, akarudisha mkono haraka, akampigia simu, "Linaunguza, lakini linafanya kazi!" Hospitali haikukosa maji.

Alistaafu mwaka 2016. Mwaka 2019 moyo wake ulianza kupiga polepole mno, daktari akashauri awekewe betri ya moyo, naye akauliza inadumu miaka mingapi, nani ameijaribu, na ikizima moyo unabaki na nini, hadi daktari akacheka, "Mama, mimi nimezoea kuulizwa kama inauma." Akachagua ile isiyo na mbwembwe, akapata miaka ya kuwafundisha wajukuu baiskeli.

Juni mwaka huu, 2025, alishikwa na nimonia, mapafu yakalemewa, na asubuhi ya tarehe 4 Julai alituambia, "Msihangaike, mimi nimeshiba," akafumba macho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kufagia uwanja bila kuombwa, wafanyakazi wenzake, na wewe mkurugenzi, uliyesimama muda wote huu ilhali tulikuwekea kiti.

Dada, tulijivunia kuitwa ndugu zako. Lala kwa utulivu.