Msamaha Alioombewa Fundi Nusu Saa

Fundi Nusu Saa alizaliwa tarehe 14 Juni 1963, katika nyumba ya kupanga nyuma ya karakana ya baba yake, mchonga funguo. Alikuwa kitindamimba, mwenye kaka wawili wa kumfundisha adabu, na walimfundisha kwelikweli.

Alisoma hadi darasa la saba. Siku mwalimu mkuu alipojifungia nje ya ofisi, marehemu alimfungulia kwa kibanio cha nywele. Mwalimu mkuu alimshukuru, akaingia, akatoka na fimbo.

Mwaka 1980 alirithi meza ya baba yake pembeni mwa soko. Kila mteja aliambiwa angoje nusu saa, iwe ufunguo wa sanduku au wa jengo zima. Jina likaganda hapo. Mteja mmoja alirudi mara tatu kulalamika kuwa kufuli lake halifungi, na lilikuwa linafunga vizuri kabisa. Walioana tarehe 3 Desemba 1988, wakajaliwa mabinti wawili.

Machi 2011, cherehani tatu ziliibwa dukani kwa mshona nguo, jirani na meza yake. Mlango haukuvunjwa. Basi watu hawakungoja upelelezi. Nani mwingine anajua kufungua? Marehemu akiwa mahabusu, hajasomewa hata shitaka, kaka zake walivaa suti wakaenda kwa mshona nguo.

“Utusamehe, mama,” kaka mkubwa alisema. “Mdogo wetu shetani amempitia.”

Mwendesha mashtaka aliibeba radhi hiyo hadi mahakamani kama ushahidi. Hakimu akamuuliza kama mshtakiwa ndiye aliyeiomba. Hapana, siye.

“Basi huyu bado hana kosa,” hakimu alisema. “Kuthibitisha ni kazi yako, si yake.”

Ushahidi mwingine haukuwepo. Tarehe 20 Oktoba akaachiwa huru.

Mahakama ilimaliza, ukoo ukaendelea na kesi. Akija kuwatembelea, mikoba ilihamia chumbani. Kaka mkubwa alibadilisha makufuli yote ya nyumba yake, tena kwa fundi mwingine. Mwezi haukuisha yakakwama, akavunja mlango wake mwenyewe.

Figo zilianza kumsumbua marehemu mwaka 2021. Kaka zake walimletea matunda hospitali. Aliyasukuma pembeni, akawaomba jambo moja tu: warudi kwa mshona nguo, wakaifute ile radhi.

“Pona kwanza,” kaka mkubwa alimwambia.

“Kwani nikifa nitakuwa nimeiba?”

Hawakwenda. Alifariki tarehe 8 Mei 2022, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Mjane ameagiza wasifu huu usichapwe bila maneno haya. Mama mshona nguo, popote ulipoketi, ile radhi uliyoletewa, marehemu hakumtuma mtu kuiomba. Tunaifuta leo, mbele ya watu wote.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na kaka wawili, ambao ndio waliojitolea kwanza kubeba jeneza.

Mungu ampe pumziko jema. Hakuiba.