Vho-Tshinakaho na Mawe Yaliyolazwa Kifudifudi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Rudzani, mjukuu wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya Vho-Tshinakaho Ravhuanzwo, mwanamke aliyeuliza maswali mengi kuliko mchungaji na karani wa sensa wakiwekwa pamoja, ingawa swali lililomkosesha raha maisha yake yote lilikuwa moja tu, watu hujuaje kwamba wakati wa kuhama umefika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 kando ya Mto Limpopo, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1958 hadi 1963, alipoishia darasa la tano, kwa sababu mwaka huo mvua iligoma na bibi yake akaamua kuihamishia nyumba nzima Dzumbani. Asubuhi ya kuondoka bibi huyo alifagia ghala lililokuwa tupu, akalaza mawe yake ya kusagia kifudifudi, kama walivyofanya wanawake wa ukoo wake kila walipoikimbia njaa, kisha akaliwasha ghala moto kwa mkono wake mwenyewe, ili pasibaki kitu cha kumvuta mtu kurudi. Marehemu alipouliza sababu aliambiwa, "Beba mtungi, wewe, maswali hayapikwi!"

Tarehe 6 Septemba 1969 aliolewa palepale Dzumbani na Vho-Mbulaheni, mtu mpole lakini mbishi, wakajaliwa watoto watano, na hapa familia imekubaliana nisome bila kuficha. Katika ukame wa mwaka 1983 marehemu alitaka wahame, mumewe akawa anamwambia kila mwezi, "Mvua inakuja mwezi ujao, mama watoto, tulia," akasema hivyo miezi kumi na mmoja, hadi tarehe 2 Oktoba, kitindamimba wao Fulufhelo, mwenye miaka miwili, alipofariki kwa kuhara baada ya kunywa maji ya shimo walilogombania na ng'ombe. Mbele za watu hakumlaumu mumewe hata siku moja, alijilaumu yeye kwa kutulia, na alilia kila Oktoba, pamoja na hii iliyopita.

Kuanzia Mei 1991 hadi mwaka 2008 aliajiriwa kuchekecha udongo kwenye kilima walikoishi watu wa kale, watu wenye ng'ombe wengi na shanga za ng'ambo, waliotoweka miaka mia saba iliyopita, na mkuu wa kazi, Dakta Labuschagne, alipokuta maghala yaliyofagiwa kisha yakaungua, na mawe ya kusagia yamelazwa kifudifudi, aliandika kwamba mji ulichomwa na maadui. Marehemu alikwenda mbele yake, akalala ubavu, akaunganisha viganja, akasema "Aa" kwa heshima zote za mwanamke wa Kivenda, kisha, akiwa bado chini, akamwambia, "Dakta, umekosea. Adui gani huyo mwenye nafasi ya kufagia ghala na kulaza mawe kifudifudi? Huyu ni bibi wa watu, alikuwa anahama."

Wenzake walimcheka wiki nzima, wakamwita Profesa wa Mawe, lakini Dakta alipeleka mkaa na meno ya ng'ombe kupimwa, na majibu yaliporudi yalionyesha kwamba kabla ya moto ule mvua ilikuwa imepungua mwaka baada ya mwaka, wala hapakupatikana mfupa hata mmoja wa mtu aliyeuawa. Tangu hapo Dakta hakuwa na amani, maana marehemu alitaka kujua walioishi Sahara ilipokuwa na maziwa na viboko walikwenda wapi nyasi zilipokauka, na alipoambiwa kwamba baadhi yao walisogea hadi Mto Nile, alirudi nyumbani akatutangazia huku vhuswa, ugali wetu wa jioni, ukipoa, "Kumbe hata mafarao walikuwa na bibi zao waliokimbia ukame!"

Mumewe alifariki mwaka 2011, akazikwa Dzumbani karibu na Fulufhelo. Februari mwaka huu kisima cha Dzumbani kilipotoa matope, marehemu alikuwa wa kwanza kuhamia hapa Luvhalani, akiwa tayari anaugua moyo, na watoto wake wakamfuata kwa shingo upande. Wiki ya mwisho shemeji yake, Vho-Nndwamato, alimkumbusha kwamba mke huzikwa kando ya mumewe, naye akajibu, "Shemeji, nimelala kando yake miaka arobaini na miwili, anakoroma. Mkinipeleka kule mtarudi kutunza kaburi langu, na atakayerudi atabaki." Mama yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Na Fulufhelo?" Akamjibu, "Fulufhelo ana baba yake pale. Ninyi mna mimi." Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Novemba 2024.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Dakta Labuschagne na wachekechaji wenzake waliosafiri kutoka mbali, na zaidi ya wote majirani wa Luvhalani, waliomfahamu kwa miezi tisa tu, wakatupatia ardhi na kutuchimbia kaburi hili, kaburi la kwanza la ukoo wetu mahali hapa.

Pumzika kwa amani, Makhulu, bibi yetu. Hatutakurudisha, na sisi haturudi.