Mpima Mizigo

Redio ya gari la abiria litokalo kijijini Kilema ilimtaja mkurugenzi mpya wa shirika la ndege la taifa, mwanamke aliyeanza kwa kupima mizigo ya abiria, akapanda cheo baada ya cheo.

“Rachel wangu naye ameitwa kupima mizigo uwanjani,” Mama Jovin alimwambia mzee wa kiti cha pembeni, wasiyejuana naye.

“Na ng'ombe wa nyumbani atakatiwa majani na nani, mama? Na mkurugenzi?”

“Kaka yake yupo, baba.”

“Mwanamume abebe majani kichwani? Ukoo mzima utachekwa.”

Mama Jovin alilijua hilo tangu juzi, watu wa uwanja wa ndege walipopiga simu. “Simu walinipigia mimi,” akasema taratibu. “Rachel mwenyewe sijamwambia.”

Mzee hakuwa ametaka hoja yake ishinde kiasi hicho. “Wanataka jibu lini?”

“Leo, kabla ya saa sita.”

Gari likasimama stendi. Mzee akashuka. Mama Jovin akabaki kitini, simu mkononi, saa tano na nusu.