Siku Bwana Ardhi Alipofika Isevya

— Anayebisha na abishe sasa hivi, kabla sijameza hii kahawa! Mimi, Nassibu, jana nimeisimamisha Halmashauri nzima kwa sentensi moja!

Msemaji ni Kipaza. Mtaa mzima ulimpa jina hilo kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kunong'ona. Shule aliiachia darasa la tano. Mwenyewe hudai shule ndiyo iliyoshindwa mwendo wake. Kijiwe chake na wenzake kilikuwa mtaa wa Isevya, taruma moja kuukuu la reli lililolazwa juu ya mawe likawa benchi, kando ya njia waliyopita wapagazi wa zamani wakielekea Ujiji. Mwaka ule, sabini na nane, halmashauri za miji ndiyo kwanza zilikuwa zimerudishwa baada ya kufutwa, na Serikali Kuu ilikuwa imeikabidhi ya kwao uwanja mkubwa wa nyuma ya mtaa, uliokuwa yadi ya magreda. Magreda yalishaondoka siku nyingi. Yalibaki matuta ya viazi ya kina mama, na matuta ya katikati yalikuwa ya Bi Swaumu, mama yake Kipaza, tangu mwaka wa Uhuru.

— Sentensi gani hiyo? aliuliza Abasi, fundi cherehani aitwaye Mkasi, maana hukata maneno ya watu kama anavyokata kitambaa. Usitufunge kamba, bwana.

— Kamba wapi! Bwana ardhi wa Halmashauri kaja na vijana wake wa kuvuta mnyororo wa kupimia. Kafika kwenye matuta yetu, kauliza, "Shamba hili la nani?" Nikapanda juu ya tuta, kifua mbele: "Ndugu, hapa hakuna langu wala lako! Hii ni mali ya umma! Kidumu Chama!"

— Akajibu nini?

— Ajibu nini tena? Kainama, kapigilia kigingi, kaenda zake. Nimemmaliza!

Lugembe alicheka mpaka kashata ikamtoka mdomoni. Huyu ni mkulima wa Usoke, na kwa harufu aliyokuja nayo mjini walimwita Tumbaku.

— Wahenga walisema, alisema Tumbaku, haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana ulifanya vizuri kuwahi.

— Umeona, Mkasi? Mwenzako anajua methali!

— Kigingi ndicho kinachonitia shaka, alisema Mkasi. Bi Apolinaria, jirani wa mama yako, naye kapigiliwa?

— Aa, yule! Kipaza alipunga mkono. Yeye kaulizwa, kasema "langu." Mbele za watu, bila aibu! Mwaka wa Operesheni Vijiji mtu akisema "langu" tulimwitaje?

— Kabaila! waliitikia wote kwa pamoja, kama chipukizi mbele ya mgeni rasmi.

— Basi kabaila kaachiwa shamba lake, Mkasi alisema taratibu. Mke wangu alichelewa, alikuta wanamaliza. Bwana ardhi katangaza mwishoni: lenye mwenyewe linabaki na mwenyewe. Lisilo na mwenyewe linakatwa viwanja.

Mzee Yahaya, muuza kahawa, alimimina kikombe kingine bila kuombwa. Kipaza alikipokea, akakiona kizito.

— Viwanja gani? alisema, sauti juu zaidi. Nyinyi hamna habari. Pale panajengwa uwanja wa ndege!

— Ndege itue juu ya bati la msikiti? Tumbaku alikataa. Mimi nawaambia, chini ya yale matuta kuna pembe za ndovu. Wapagazi walizifukia wakimkimbia tajiri wao. Halmashauri inajua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na bwana ardhi si kainama?

— Kainama kusikiliza, alidakia Mkasi, akijitahidi kucheka. Wanachimba handaki la treni mpaka Kigoma, tusiwe tunapigwa na vumbi.

— Na watu wa Kigoma wachimbe la kwao, alisema Tumbaku, tukutane Uvinza kwenye chumvi!

Kipaza alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akabaki peke yake anayecheka.

— Haya, alisema Mzee Yahaya. Na matobolwa mwakani tutakula ya nani?

Kila mtu pale alikuwa ameyala matobolwa ya Bi Swaumu, viazi alivyochemsha, akavikata, akavianika juu ya jamvi; kiangazi kikikaza ndiyo yaliyowalisha watoto wa mtaa.

— Basi tena, alisema Tumbaku. Asiyekuwepo na lake halipo. Angekuwepo mama mwenyewe, angesema.

— Hapo ndipo ilipoharibika, Mkasi alikubali.

Mwisho wa taruma alikuwa amekaa kijana mgeni, Ngollo, aliyeleta ng'ombe mnadani kutoka Igunga. Tangu aamkie shikamoo na kuitikiwa marahaba alikuwa akisikiliza tu.

— Samahani, kaka, alisema. Kwani mama hakuwepo?

Kipaza alifungua mdomo kama kawaida yake. Akaufumba. Alitazama ndani ya kikombe. Aliposema, Mzee Yahaya ilibidi asogeze sikio.

— Alikuwepo.

— Wapi?

— Pale pale. Kwenye matuta. Mimi nilikuwa napita tu njiani, nikaona watu, nikaingia.

— Sasa bwana ardhi alikuuliza wewe...

— Hakuniuliza mimi. Kamuuliza yeye. "Mama, shamba hili la nani?" Mama kalaza jembe chini. Kafuta mikono, kakaza khanga, kasimama sawasawa, vile anavyosimama akiitwa jina lake hospitali. Kafungua mdomo.

Alikiweka kikombe chini, kisha akamalizia:

— Mimi nikaona atasema "langu," ataniaibisha.