Profesa Radosvet Chalakov na Marejeleo Yake 4,206

Marehemu Profesa Radosvet Stanchev Chalakov alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 mjini Svishtov, kando ya Mto Danube, akiwa kifungua mimba wa Bwana Stancho na Bibi Raina Chalakov. Mimi Nayden, ninayewasomea, nilizaliwa miaka miwili baadaye, na tangu siku hiyo sijaacha kumfuata. Mvua ikinyesha, alikuwa akijenga kingo za udongo uani na kutabiri maji yatafika wapi. Mimi ndiye niliyekuwa mji. Nilisimama aliponionyesha, na nikalowa mpaka pale pale aliposema.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo Svishtov, akishika namba moja kila mwaka. Walimu wake walinipokea kwa swali moja tu: "Wewe ndiye mdogo wake Radosvet?" Mwaka 1969 alijiunga na chuo kikuu huko Sofia kusomea hisabati, na mwaka 1977 akapata shahada ya uzamivu. Nami nikasomea hisabati. Msiniulize kwa nini.

Kwa miaka thelathini na tisa alifanya kazi hapa Ruse, akitengeneza modeli za kompyuta za kuiga mafuriko: unaipa kompyuta mvua na theluji, nayo inakuonyesha mto utafurika wapi kabla haujafurika. Aliandika makala 118. Kufikia jana asubuhi, watafiti wenzake duniani walikuwa wamezirejelea katika maandishi yao mara 4,206. Najua, kwa sababu huwa nahesabu kila Jumatatu kabla ya kahawa. Za kwangu zimerejelewa mara 91. Mpanda ngazi hushuka, wahenga walisema. Nilikaa chini ya ngazi nikimsubiri, hakushuka.

Tarehe 24 Juni 1978 alifunga ndoa na Dochka Peeva, mwalimu wa hisabati, wakajaliwa Kalina na Yavor. Shemeji Dochka ndiye aliyekuwa akimpigia taipu makala zake, ikiwemo ile ya mwaka 1986 ambayo peke yake imerejelewa mara 1,312. Ukoo mzima unajua kwamba wazo kuu la makala hiyo lilikuwa langu, na ni kweli. Nililitoa tukichoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi. Ukoo unajua pia kwamba kaka aliliacha jina langu nje. Kila Krismasi mama alinikatia kipande kikubwa cha banitsa, ule mkate wetu wa jibini wa sikukuu, akisema, "Kula mwanangu, wewe ulidhulumiwa." Radosvet alinisogezea sahani. Mama alifariki mwaka 2003 akiwa bado hajamsamehe.

Septemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Nilikuwa nikimtembelea kila Jumatatu. Siku moja ya Desemba akaniuliza:

"Haya, mdogo wangu, tumefika ngapi?"

"Umefika. Elfu nne mia moja tisini na nane."

"Dochka! Si nilikwambia huyu anahesabu?" Akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Kisha akanong'ona, "Lile jambo, waambie siku ukitaka. Mimi sisemi."

Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, saa moja asubuhi. Mchana shemeji alinipa bahasha. Ndani yake mlikuwa na rasimu ya kwanza ya ile makala, na juu yake majina mawili, la pili limekatwa kwa penseli.

"Wasifu unaandika wewe, shemeji," akaniambia. "Hii utaisoma au utaiacha, shauri yako."

Naisoma. Jina langu nililikata mwenyewe. Modeli yetu ilikuwa imetoa kina cha maji pungufu ya kipimo cha mtoni kwa sentimita sitini, nami nilifundishwa kwamba modeli ikigombana na mto, mto ndio wenye haki. Nikaogopa. "Nitoe," nilimwambia, "sitaki kuchekwa." Akasema, "Acha woga, Nayden. Huenda ni ile fimbo ya kupimia iliyokosea." Mwaka uliofuata ikagundulika kwamba tishari la kubebea mizigo lilikuwa limeigonga fimbo hiyo, ikadidimia matopeni sentimita sitini kamili. Dunia nzima ikaanza kuitafuta makala. Nilikwenda kwa mama nikamwambia kaka amenidhulumu. Radosvet alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akatoka kwenda kuleta kuni.

Marehemu ameacha mjane, Dochka; watoto wawili, Kalina na Yavor; mjukuu mmoja, Desislav; na mdogo wake, mimi. Wanangu Kalina na Yavor, baba yenu hakumdhulumu mtu. Mama, popote ulipo, kile kipande kikubwa kilikuwa chake. Wivu bado ninao, siwezi kudanganya mbele ya jeneza. Alijua, akanyamaza miaka thelathini na saba. Mimi nisingeweza hata Jumatatu moja.

Pumzika kwa amani, kaka, mahali ambapo maji hayafiki.